Lami ya Pangani imefika, mpanda baiskeli apite wapi?

Tangu lami ianze kumwagwa kutoka Tanga mjini kushuka Pangani, maneno unayoyasikia vijiweni, kwenye Coaster na hata kwenye mikutano ya hadhara ni yaleyale, kwamba mateso yameisha, vumbi limeisha, na sasa hata wenzetu wa baiskeli watateleza tu. La vumbi sibishi. Hilo la baiskeli ndo nataka tulizungumze kwa kirefu maana naona limeeleweka vibaya, tena na watu wenye nia njema kabisa. Wengi wanaamini adui wa mpanda baiskeli huku vijijini ni ubovu wa barabara. Mimi nasema adui wake ni tofauti ya mwendo kati yake na gari linalompita, pamoja na kukosa upenyo wa kukimbilia, na lami ikija peke yake bila nafasi ya pembeni inaongeza vyote viwili. Barabara inaweza ikawa nzuri kwa kila aliyekaa ndani ya gari na ikawa mbaya kuliko jana kwa yule aliye nje.

Kwa asiyeijua, barabara yenyewe ni ile ya pwani inayotoka Tanga ikapita Tongoni, Kigombe mpaka Pangani, ikavuka mto kwenda Bweni, ikaendelea Mkwaja na Mkange, ikakatiza maeneo ya Saadani na Makurunge mpaka Bagamoyo, jumla kama kilomita 246, na kipande cha Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi. Serikali imeweka hela yake na kuna mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwasababu hii sio barabara ya wilaya tu, ni sehemu ya ukanda mzima unaoanzia Malindi, Mombasa, Lunga Lunga, unaingia kwetu Horohoro halafu Tanga mpaka Bagamoyo. Hapo ndo pa kusimama kidogo. Anayetoka Dar kuja Tanga hatakuwa na sababu ya kuzunguka Chalinze na Segera, na malori ya mizigo ya bandari ya Tanga, ambayo imechimbwa mpaka kina cha mita 13 ili meli kubwa zifunge gatini, nayo yatatafuta njia fupi. Yaani magari tunayoyaona leo Kigombe sio magari ya barabara hii. Magari yenyewe bado yanakuja, na tukitathmini usalama wa baiskeli kwa kuangalia hali ya leo tutakuwa tunajidanganya.

Sasa nani anaendesha baiskeli huku? Tanga mjini kila mtu anajua, mji ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka kwa namba toka barabara ya kwanza mpaka za ishirini huko, baiskeli ni ya fundi, ya ustadhi, ya mwalimu na ya mama anayekwenda sokoni na baibui lake. Ukitoka nje ya mji baiskeli inabadilika kazi, inakuwa chombo cha mzigo. Asubuhi ni maziwa kwenye madumu, manne au zaidi yamening'inia kwenye keria ya chuma aliyoichomea fundi, yanawahi kituo cha kukusanyia kabla jua halijayaharibu, na ukiyachelewesha yakaganda umekula hasara ya siku nzima. Kuna samaki na pweza wa Kigombe kwenye tenga, kuna nazi, kuna majani ya ng'ombe, kuna magunia ya mkaa yaliyompita mwendeshaji urefu. Na wanafunzi wa shule za kata ambao kutoka nyumbani mpaka darasani ni mwendo wa kuchosha mtu mzima. Hawa wote hawapandi baiskeli kwa mazoezi wala kwa starehe, wanapanda kwasababu hesabu zao hazikubali kitu kingine.

Tuiangalie barabara ya zamani bila kuipamba. Masika ilikuwa tope, kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye meno, matairi yanaisha, spoki zinakatika, rimu zinapinda, na maziwa yanatikisika njia nzima. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu alikipanga, mashimo yalimlazimisha dereva aende mwendo wa 30 au 40, na mpanda baiskeli alikuwa na kijinjia chake pembeni kilicholainishwa na miguu na matairi, gari analisikia linavyogonga mashimo toka mbali, anasogea, linapita, anakula vumbi anaendelea. Mwenye baiskeli ya mzigo anakwenda kama kilomita 12 kwa saa, gari lilikuwa linamzidi kwa ishirini na kitu. Weka lami hapo. Coaster sasa inakwenda 80 na kuna sehemu zilizonyooka inazidi, mpanda baiskeli bado yuko kwenye 12 yake maana miguu haikuwekewa lami, tofauti imekuwa karibu 70, na kile kijinjia cha pembeni kimefukiwa na tuta la barabara au kimechimbwa mtaro.

Watu wanachukulia mwendo kama namba tu ya kwenye dashibodi, kwahiyo naomba tupige hesabu kidogo. Gari likiwa kwenye 80 linakula mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho kabisa, toka aone kitu mpaka mguu ukanyage breki, anahitaji kama sekunde moja na nusu, maana yake ameshapita mita 33 kabla gari halijaanza hata kupunguza. Angekuwa kwenye 40 hizo mita zingekuwa 17. Alafu nguvu ya kugonga haiongezeki sawa na mwendo, mwendo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema miaka yote kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu uwezekano wa ajali ya kuua unapanda kwa kama asilimia 4, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani, katika watu milioni 1.19 kwa mwaka, ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Chukua hizo mita 33 uziweke saa kumi na moja na nusu alfajiri, muda wa muuza maziwa, au jioni saa kumi na mbili na nusu kiza kinapoanza kushika na watu wanarudi shamba, halafu niambie hiyo barabara imekuwa rafiki kwa nani.

Kuna mambo mengine mpaka uwe juu ya tandiko ndo unayaelewa. La kwanza ni ukingo wa lami. Mvua ya masika inakula udongo pembeni mpaka inabaki ngazi, lami juu, udongo chini, na mwenye baiskeli akipigiwa honi anatakiwa ashuke hiyo ngazi na mzigo wake. Kushuka anaweza akashuka, kupanda kurudi ndo kazi, tairi linasugua ukingo, usukani unajigeuza, anaangukia ndani barabarani na sio nje. La pili ni mabega ya barabara, yaani ule ukanda wa pembeni ya lami. Sehemu nyingi mabega yapo, na mhandisi atakuonyesha kwenye mchoro, lakini yamemwagiwa kokoto za juujuu zenye kukwaruza wakati katikati ni laini kama sakafu, na mwenye kilo themanini kwenye keria hawezi kukaa kwenye kokoto wakati laini iko hatua moja, dereva anaona ni ukaidi kumbe ni mapaja. Na pale kijijini ambapo mabega ndo yangeokoa watu, yameshakuwa maegesho ya bodaboda, meza za chipsi na magogo ya kuuza.

La tatu ni upepo. Njia hii inakwenda kaskazini na kusini, kwahiyo kusi ikivuma anayeelekea Pangani anapigwa usoni, na kaskazi inampiga anayepanda kuja Tanga. Hapo anapita basi la mwendo, linakusukuma kwanza halafu linakuvuta, na baiskeli iliyobeba juu inayumba nusu mita bila mwenyewe kutaka. Nimeshawahi kupitwa hivyo karibu na Tongoni, sikuguswa hata kidogo na bado nilijikuta kwenye majani. Wala dereva wa basi sidhani kama alijua kuna kitu kimetokea nyuma yake.

Wanaosifia lami wana hoja nzito na sitaki kuzipita. Mwenye maziwa anafika mapema, anapasua tairi mara chache, mjamzito wa Kigombe anafika hospitali ya Bombo mjini akiwa hai, bei ya samaki inapanda kwasababu mnunuzi wa mjini anafika mwenyewe. Hayo yote ni kweli na hakuna mtu wa Pangani atakayekuomba umrudishie vumbi. Mimi pia simo. Hoja ya pili inasema wapanda baiskeli wenyewe ndo wanajiua, hawana taa, hawana rifleksi, breki ni soli ya ndala, wengine wanakwenda upande usio wao, mtoto anakata barabara bila kugeuza shingo. Nayo ina ukweli ndani yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamhesabu mwenye baiskeli kama mtumiaji wa barabara mwenye wajibu wake, na kijitaa chekundu cha nyuma hakigharimu kiasi cha kumshinda mtu anayenunua dumu jipya la maziwa. Ila ukiichunguza hoja hii inabeba nusu tu ya mzigo. Rifleksi inamsaidia dereva akuone, haimpi pa kukupitia. Barabara ya njia mbili, lori linakuja mbele, Coaster iko nyuma yako, mwenye rifleksi na asiyekuwa nayo wote wana upana uleule wa lami, na dereva aliyeamua kutopunguza anachagua kubana upande wa yule asiye na bati.

Hoja ya gharama nayo naiheshimu. Kupanua mabega kwa mita moja kila upande kwenye kilomita 246 ni pesa nyingi, kifusi, lami, makalavati marefu zaidi, na mtu wa hazina atakuuliza kwa haki kabisa ni barabara gani nyingine isijengwe ili hii iwe pana. Lakini hapo kuna kitu watu wengi hawakijui kuhusu jinsi barabara inavyopangwa. Unene wa lami na matabaka ya chini unakadiriwa kwa uzito wa ekseli za malori yatakayopita miaka ijayo, gari dogo mchango wake ni karibu na sifuri, baiskeli haimo kabisa. Ni sahihi kitaalamu kwasababu baiskeli haivunji lami. Tatizo ni kwamba mazoea hayo yanahama mpaka kwenye upana na kwenye mpangilio wa vijiji, ambako baiskeli ingetakiwa ihesabiwe ya kwanza, na matokeo yake chombo kisichoharibu barabara ndo kinachokosa nafasi kwenye barabara.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayosemwa kwa kujiamini zaidi, ni kwamba baiskeli inakufa yenyewe, bodaboda imeshachukua, kwahiyo kupanga njia za baiskeli ni kupangia watu waliokwishaondoka. Ni kweli bodaboda imechukua abiria. Hata jina lenyewe lilikuwa la baiskeli, zile zilizokuwa zinavusha watu mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, pikipiki zimelirithi. Lakini nenda kwenye kituo chochote cha kukusanyia maziwa asubuhi uangalie kilichoegeshwa nje. Pikipiki inataka mafuta kila siku, inataka leseni, bima, spea, na wengi wanaoendesha sio yao, ni ya tajiri anayedai hesabu jioni. Mwenye ng'ombe wawili anayepeleka lita ishirini akinunua mafuta faida imekwisha barabarani. Binti wa kidato cha pili hawezi kupewa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi siku zote za shule, na wazazi wengi tunajua shida nyingine zinazowakuta mabinti kwenye hizo lifti za kila siku. Wakiacha baiskeli watu hawa hawahamii kwenye pikipiki, wanarudi kutembea, au wanaacha kwenda. Na wanaoacha wengi wanaacha kwa hofu, kisha tunachukua hiyo hofu yao tunaiita maendeleo.

Kuna hoja nyingine fupi, kwamba njia za baiskeli ni mambo ya Uholanzi. Uholanzi yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inazika watu zaidi ya 3,000 kwa mwaka kwa ajali za barabarani, mamia yao watoto, wazazi wakaingia mtaani kudai, ndo njia zikajengwa. Hawakuzaliwa nazo. Na hapa kwetu wakati barabara za mwendokasi zinajengwa Dar njia za baiskeli ziliwekwa pembeni, zimevamiwa na bodaboda na wafanyabiashara, kweli, lakini huo ni udhaifu wa usimamizi, haithibitishi kwamba hazihitajiki.

Kuhusu kupunguza mwendo, ukiuliza unaambiwa kuna vibao vya 50 kila kijiji na trafiki wapo. Vibao vipo. Tochi ya trafiki inafanya kazi mita mia tano za kwanza, baada ya hapo madereva wanapeana ishara kwa taa na kila mtu anarudi kwenye mwendo wake. Kinachomshusha dereva mwendo saa nane usiku na saa nane mchana sawasawa ni kitu kilichojengwa, tuta, rasta, barabara iliyobanwa kidogo mlangoni mwa kijiji. Wanasema matuta kwenye barabara kuu yanachelewesha uchumi. Mbona barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapokatiza Hifadhi ya Mikumi ina matuta, ina vibao vya mwendo, na ukigonga mnyama unalipa faini kwa aina ya mnyama, na uchumi unapita hapo kila siku kwenda Zambia? Kama tumekubali lori la Zambia lipunguze kwa ajili ya swala, na tumefanya vizuri kukubali, basi lori la Mombasa linaweza likapunguza Kigombe kwa ajili ya mtoto wa darasa la nne na baiskeli ya baba yake. Ombi moja tu kwa wanaojenga, matuta yaachwe uwazi wa baiskeli ukingoni, maana tuta la upana wote na rasta za mfululizo zinamwaga maziwa na kuvunja keria, na mwenye mzigo atazikwepa kwa kuingia katikati. Bodaboda nao watapita kwenye huo uwazi, najua, bado ni afadhali.

Nafasi nayo ipo kuliko tunavyoambiwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 mpaka 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, watu waliwekewa alama ya X kwenye nyumba zao na wengine wakabomoa kuipisha. Lami na mabega yake havifiki hata mita 15. Ardhi iliyobaki imekaa majani. Na wakati wa ujenzi mkandarasi anatengeneza barabara ya mchepuko pembeni, sehemu nyingi ndani ya hifadhi hiyohiyo, anaishindilia, anaimwagia maji, magari yanaipita miezi na miezi, halafu lami ikikamilika inavurugwa au inaachwa iliwe na vichaka. Hiyo ndo njia ya baiskeli. Imeshajengwa, imeshalipiwa, iko ng'ambo ya mtaro mbali na Coaster. Haihitaji lami wala isiwe kilomita zote 246, inatosha iachwe kilomita chache kila upande wa kijiji, kati ya kijiji na shule, kati ya kijiji na kituo cha maziwa, iparuzwe na greda mara moja kila baada ya masika. Gharama yake ukiilinganisha na kupanua tuta zima la barabara ni ndogo sana, na ndo maana nasema hoja ya pesa haifungi mjadala.

Pasipowezekana mchepuko ni madarajani. Daraja jipya la mto Pangani lina mita 525, na kwa mwenye mzigo anayekwenda 12 kwa saa hizo ni kama dakika mbili na nusu za kuwa mahali ambapo huwezi kushuka, huwezi kusogea, kuna ukuta upande mmoja na magari upande mwingine, na upepo wa bahari juu ya mto ule. Kwenye pantoni mwenye baiskeli alikuwa abiria kama wengine, anasimama na chombo chake mpaka Bweni. Kwenye daraja upana wa njia ya pembeni ndo utakaoamua kama ataendelea kuvuka kwenda kuuza au ataacha, na upana huo upimwe kwa baiskeli yenye matenga mawili, sio kwa mtu mmoja anayetembea mikono mitupu.

Haya mambo yana muda wake. Mkandarasi akishakabidhi kazi kunakuwa na kipindi cha uangalizi ambapo bado anawajibika kurekebisha kasoro, kingo zilizoliwa, mabega yaliyomomonyoka, alama zilizofutika, baada ya hapo kila kitu kinakuwa ombi la bajeti la mwaka mwingine na mwingine. Kwahiyo serikali za vijiji vya njia hii, kuanzia Tongoni mpaka Mkwaja, ziandike muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji sasa hivi, zitaje kwa majina ya mahali ni wapi wanafunzi wanavukia, ni wapi ukingo umeshakuwa ngazi, ni mchepuko upi usivurugwe, barua iende kwa meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, na nakala kwa diwani na mkuu wa wilaya, igongwe muhuri wa kupokelewa. Wenye maziwa na wenye samaki wawemo kwenye huo mkutano wakiwa na baiskeli zao nje, na mhandisi mkazi akija kukagua apewe moja yenye madumu yaliyojaa aende nayo mpaka shuleni na kurudi.